Bolti Nane za Konrodi: Kazi Isiyofanywa kwa Mazoea

Injini ya Peugeot 504 ikifunguliwa kando ya barabara ya Naivasha pale Kawangware, mwenye gari hujua mapema pesa zake zinakwenda wapi. Kuna slivu na pistoni, ringi, beringi, gasketi, na kranki inayopelekwa kuchongwa. Karatasi ya bei hujaa pande zote mbili, lakini ni nadra kuona mstari unaotaja bolti za konrodi. Zile bolti nane, mbili kwa kila pistoni, huoshwa ndani ya sampu iliyogeuzwa karai, hupanguswa kwa kitambaa, kisha hurudi zilikotoka.

Konrodi ni ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na kranki. Upande wa chini umekatwa vipande viwili ili uweze kukumbatia shingo ya kranki, na kipande cha chini, ambacho mafundi hukiita kepi, hushikiliwa na bolti mbili tu. Moja ikikatika, ya pili haidumu hata sekunde. Konrodi inabaki huru huku kranki ikiendelea kuzunguka, na kinachofuata ni tundu ubavuni mwa bloku, oili barabarani, na injini ambayo haiuziki ila kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu.

Nitasema mapema ninachoamini, kisha nieleze sababu. Kama hujui historia ya injini, usirudishe bolti za zamani. Na kama huna njia ya kupima tundu la konrodi baada ya kuweka bolti mpya, usianze kuzing'oa. Kuna mafundi wanaofuata la kwanza na kusahau la pili, nao wanaweza kuharibu injini vilevile kama yule aliyerudisha za zamani.

Magari yenyewe bado yapo. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka wa 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975, na ndugu yake ya milango miwili yenye injini ya V6 ikashinda 1978. Kwa miaka mingi 504 za nyuma ndefu ndizo zilizobeba abiria kati ya miji ya Kenya, na pikapu zake zikabeba mboga, maziwa na simiti. Ukiongeza Datsun 1200, Corolla za injini ya 3K, Volkswagen za mgongo wa kobe na Land Rover za zamani, unapata kundi la magari ambayo sasa yana wenyewe wa aina mbili: anayeyatafutia riziki, na anayeyang'arisha kwa ajili ya maonyesho ya Concours kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road. Wote wawili huishia kwa mafundi walewale wa Kibera na Kawangware, na bolti za konrodi haziulizi gari limepakwa rangi gani.

Nguvu inayozivuta

Wengi hudhani kwamba bolti hizi huumia gari likipanda mlima na mzigo. Sivyo. Petroli inapolipuka, pistoni husukumwa chini, konrodi hukandamiza kranki, na bolti wakati huo hazina kazi kubwa. Huumia wakati mwingine kabisa: pistoni inapopanda kutoa moshi, ikafika juu kwa kasi, halafu lazima isimamishwe na kuvutwa irudi chini. Huko juu hakuna mlipuko wa kuisukuma. Inavutwa na kepi, na kepi inavutwa na bolti mbili.

Tupige hesabu ya kukadiria. Injini ya 504 ya sentimita za ujazo 1,971 ina pistoni ya kipenyo cha milimita 88 na mwendo wa milimita 81. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, pistoni ikifika kileleni huvutwa kwa nguvu inayokaribia mara 1,400 ya uzito wake. Chukua pistoni, pini, ringi na sehemu ya juu ya konrodi kuwa gramu 800 kwa jumla: huo ni mvuto wa zaidi ya tani moja, unaorudiwa mara 2,500 kila dakika. Ukipunguza mzunguko hadi nusu, mvuto haushuki kwa nusu, unashuka hadi robo. Ndiyo maana dereva aliyeingiza gia ya pili badala ya nne kwa bahati mbaya anaweza kuzidhuru bolti zaidi kwa sekunde chache kuliko mwaka mzima wa kubeba viazi.

Mteremko wa kutoka Rironi kwenda Mai Mahiu ni mfano mzuri. Dereva ameachilia mafuta, gari liko gia ndogo, injini inalia kwa juu, na kwa kuwa hakuna mlipuko wa maana ndani ya silinda, bolti zinavutwa kila pistoni inapofika juu bila ahueni. Kutumia gia kushuka mlima ni sawa, na breki zako zitakushukuru. Kuiacha injini ipige kelele kupita kiwango chake ndiko kunakoua.

Kukaza ni kunyoosha

Bolti iliyokazwa ipasavyo imenyooka kidogo, kama raba ya manati iliyovutwa, na kule kutaka kurudi ndiko kunakobana kepi na konrodi. Hapa pana jambo ambalo hata mafundi wazoefu huliruka. Kama mbano huo ni mkubwa kuliko ule mvuto wa pistoni, bolti karibu haihisi mabadiliko. Inakaa imenyooka vilevile, injini ikizunguka au ikiwa imezimwa. Lakini ikiwa imelegea, kila mzunguko unaivuta na kuiachia, unaivuta na kuiachia, mpaka chuma kinachoka na ufa unaanza. Kwa hiyo bolti nyingi zilizokatika hazikukatika kwa kuwa zilikuwa dhaifu. Zilikatika kwa sababu hazikukazwa vya kutosha, au zilikazwa mpaka zikanyooka kupita uwezo wa kurudi, na baada ya hapo mbano ukapungua.

Sasa tuseme juu ya mkono wa fundi. Kuna mafundi ambao mkono wao ni kipimo kizuri ajabu, na kwa bolti za sampu au kifuniko cha valvu sina ugomvi nao. Konrodi ni jambo jingine. Ukikaza bolti, takriban nusu ya nguvu yako huliwa na msuguano chini ya kichwa au nati, na takriban asilimia 40 huliwa na msuguano wa thredi. Inayobaki kunyoosha bolti ni kama asilimia 10 tu. Thredi ikiwa kavu, yenye kutu au uchafu, mkono unahisi kwamba bolti imekaza kumbe imekwama. Thredi ikiwa na oili nyingi kuliko kitabu kilivyokusudia, nguvu ileile inainyoosha kupita kiasi. Mkono hauwezi kutofautisha haya mawili. Hata spana ya toki haiwezi, ndiyo maana kitabu husema wazi kama thredi ziwe kavu au zipakwe oili, na ndiyo maana neno hilo dogo lazima lisomwe.

Kisha kuna suala la vipimo. Vitabu vya Kiingereza vya zamani hutoa toki kwa futi-pauni, vya Kijapani kwa kilo-mita, vya karibuni kwa nyuton-mita, na vya Kifaransa aghalabu kwa kilo-mita au dekanyuton-mita. Kilo-mita moja ni nyuton-mita 9.8, au futi-pauni 7.2. Futi-pauni moja ni nyuton-mita 1.36. Dekanyuton-mita moja ni nyuton-mita 10. Anayeona 40 kwenye kitabu cha futi-pauni na kuweka spana yake kwenye 40 ya nyuton-mita ameacha bolti ikiwa na pungufu ya robo nzima, kwani ilitakiwa 54. Anayefanya kinyume amezidisha kwa zaidi ya theluthi. Sitoi hapa namba ya toki ya injini yoyote, kwa makusudi. Injini mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na bolti tofauti ndani, na namba iliyopitishwa kwa mdomo kutoka gereji hadi gereji haina mwenyewe. Tafuta kitabu cha injini yako kwa namba iliyopigwa kwenye bloku.

Kuzikagua za zamani

Osha bolti kwa mafuta ya taa na brashi, si petroli. Gereji nyingi zetu ziko wazi na jirani anachomelea mita tatu kutoka hapo, na mvuke wa petroli hutambaa chini bila kuonekana. Zikikauka, zipange zote nane kwenye kipande cha kadibodi, kila moja na nati yake na namba ya silinda yake.

Anza na vidole. Nati nzuri hupanda thredi zote kwa mkono mpaka mwisho. Ikikwama katikati mahali ambapo hapana uchafu, thredi zimenyooka na bolti imekwisha kazi. Kisha shika bolti dhidi ya mwanga na utazame kiuno chake, pale chini ya thredi. Bolti iliyovutwa kupita kiasi huwa nyembamba sehemu moja, na hilo hujitokeza vizuri ukiiweka sambamba na mwenzake. Maikromita inatoa jibu la uhakika: pima kipenyo cha kiuno sehemu tatu, pima urefu wa zote nane. Bolti za seti moja zikitofautiana urefu, ile iliyozidi ndiyo iliyonyooshwa. Kanuni ya ARP, kampuni ya Marekani inayotengeneza bolti za injini za mashindano, ni kwamba bolti iliyobaki ndefu kwa elfu moja ya inchi, yaani milimita 0.025, kuliko ilivyokuwa kabla ya kukazwa, itupwe. Hiyo ni kama theluthi ya unene wa unywele wa kichwani. Jicho haliwezi kuiona.

Kuna mambo mengine ambayo yakionekana hayahitaji maikromita. Shimo la kutu kwenye kiuno, hata dogo kama kichwa cha sindano, ni mahali ambapo ufa utaanzia. Rangi ya buluu au kahawia kwenye konrodi inaonyesha kwamba beringi iliwahi kukauka na kuzunguka, na joto lile limelegeza chuma cha bolti. Alama za nyundo au patasi kwenye kichwa zinakusimulia nani alipita hapa kabla yako. Katika hali yoyote ya hizi, bolti zote nane ziende, hata kama saba zinapendeza. Na kama gari lilinunuliwa bila rekodi, au injini ilitoka kwenye gari jingine, hali hiyo yenyewe inatosha.

Injini nyingi za miaka ya 1980 na baadaye hutumia bolti zinazokazwa kwa toki ndogo kwanza, halafu kuzungushwa kwa digrii, mara nyingi 90. Hizo zimeundwa zinyooke. Baadhi ya watengenezaji hutaka zitupwe kila zikifunguliwa, wengine hutoa kipenyo cha chini kabisa cha kiuno na kuruhusu zirudi zikiwa juu ya kipimo hicho. Kwa injini za zamani zaidi, wengi waliruhusu bolti zirudishwe zikiwa timamu. Sitaki mtu aseme nimemkataza kutumia kilichoruhusiwa na kiwanda. Ila kiwanda kilikuwa kinazungumzia injini iliyofunguliwa mara moja au mbili, na hii yako huenda imefunguliwa na watu ambao majina yao huyajui.

Kununua

Barabara ya Kirinyaga na sehemu ya Grogan ndiko wengi huanzia. Nenda na konrodi moja na bolti yake mkononi, pamoja na namba ya injini. Linganisha vitu vinne: kipenyo, urefu, umbo la kichwa, na mahali thredi zinapoanzia. Umbo la kichwa si urembo. Bolti nyingi za konrodi zina upande mmoja bapa unaokaa kwenye ukingo wa konrodi ili bolti isizunguke wakati wa kukaza, na kichwa kisichokaa sawasawa kitapinda bolti.

Mazungumzo yanayotokea mara kwa mara kaunta ni haya.

"Boss, hizo za konrodi hakuna, lakini chukua hizi za hadwea, ni 10.9, chuma kigumu sana."

"Kaka, zina urefu uleule?"

"Urefu ni kukata tu."

Hapo shukuru, uondoke. Namba 10.9 kichwani ina maana yake: chuma hicho huanza kunyooka bila kurudi kwenye nguvu ya nyuton 900 hivi kwa kila milimita mraba, na hukatika kwenye 1,000. Ni chuma kizuri kwa kazi nyingine. Lakini bolti ya konrodi huwa na kiuno kilichopunguzwa kwa makusudi, thredi zilizoviringishwa badala ya kukatwa, na mviringo laini chini ya kichwa ambapo nguvu hukusanyika. Bolti iliyokatwa kwa msumeno na kuchongwa thredi mpya kwenye kerezo haina lolote katika hayo.

Konrodi kamili za mtumba, pamoja na bolti zake, zinaweza kukuokoa ikiwa za kwako zimepinda, lakini bolti zake zina historia isiyojulikana kama zako. Ukinunua konrodi moja tu, ipime uzito na zile tatu. Kuhusu feki, sanduku lenye maandishi mazuri si ushahidi. Tazama kama kuna alama ya mtengenezaji kwenye bolti yenyewe, kama zote nane zinafanana, na kama kuna karatasi inayotaja toki na aina ya oili ya kupaka. Dai risiti yenye jina la duka. Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi hupokea malalamiko, na bila risiti huna pa kuanzia.

Kuzing'oa na kuziweka

Kabla hujagusa nati ya kwanza, tazama namba kwenye ubavu wa kila konrodi na kepi yake. Kama hakuna, weka yako. Kepi na konrodi yake zilitobolewa pamoja zikiwa zimefungwa, na haziwezi kubadilishana wala kugeuzwa. Kwenye 504 kuna tahadhari ya ziada: slivu zake zimekaa ndani ya maji na hushikiliwa na hedi. Hedi ikiwa imetolewa, ukizungusha kranki bila kuzifunga slivu kwa vyuma vya kuzikandamiza, pistoni zitazinyanyua na mpira wa chini utavuja. Injini nyingi zilizofunguliwa kwa ajili ya bolti zimerudi gereji kwa sababu ya maji kwenye oili.

Unaposukuma pistoni itoke, visha ncha za bolti vipande vya paipu ya mpira ya petroli. Ncha ya bolti ikikwaruza shingo ya kranki, umejiongezea safari ya kuichonga.

Bolti zilizopachikwa kwa kubanwa hutolewa kwa presi. Rudisha nati mpaka iwe sawa na ncha, egemeza konrodi juu ya kitu imara kilicho karibu na tundu la bolti, kisha sukuma. Pasipo presi, vaisi yenye midomo ya shaba na nyundo laini vinaweza kufanya kazi, bora konrodi isishikwe katikati na kupigwa ubavuni, maana hupinda kwa urahisi. Safisha kikao cha kichwa mpaka chuma kionekane. Ingiza bolti mpya wima, ule upande bapa ukielekea ukingo wake, na isukume mpaka ikae. Jaribu kupitisha karatasi ya sigara chini ya kichwa pande zote. Ikipita mahali popote, bolti haijakaa, na nati haitaikalisha vizuri.

Usikubali kepi ipigwe tupa. Kuna desturi ya zamani, ya enzi za beringi za kuyeyushwa, ya kupunguza uso wa kepi kwa tupa ili kupunguza mlegeo wa beringi. Bado kuna mafundi wazee wanaoifanya, nao kwa mambo mengine ni walimu wazuri. Kwa beringi za vipande viwili za leo, inatoa tundu lenye umbo la yai.

Sasa inakuja ile kazi iliyosahaulika. Katika injini nyingi, bolti hizo ndizo pia zinazoelekeza kepi ikae mahali pake. Ukibadilisha bolti, kepi inaweza kuhama kwa kiasi kisichoonekana, na bolti inayobana kwa nguvu zaidi kuliko ya awali hulikunja tundu lenyewe. Kwa hiyo funga kepi bila beringi, kaza kwa toki kamili, kisha pima tundu kwa geji ya ndani: wima, na kwa mshazari pande mbili. Kitabu kitatoa kipenyo na tofauti inayoruhusiwa, ambayo kwa kawaida haizidi milimita 0.025. Likizidi, konrodi ziende kwa karakana ya mashine. Kule hupunguza uso wa kepi kidogo sana kwa mashine iliyonyooka, hufunga tena kwa toki, halafu hulisugua tundu hadi kipimo cha kiwanda. Industrial Area na Kariobangi zina wachonga kranki, lakini si kila mchonga kranki ana mashine ya konrodi. Uliza kabla ya kupanda matatu na konrodi nne kwenye gunia. Wapelekee pia bolti mpya na namba ya toki, kwa sababu tundu likisuguliwa kwa bolti za zamani, kazi ni bure.

Spana ya toki na mtungi wa maji

Spana ya toki ya kuazima ina tatizo moja: hujui ilianguka mara ngapi. Maabara ya vipimo ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, pale South C hurekebisha vifaa vya aina hii, na karakana kubwa inapaswa kuitumia. Kwa gereji ya wazi kuna jaribio unaloweza kufanya leo. Funga kichwa cha spana kwenye vaisi, mkono wake ukiwa umelala sawa na ardhi. Pima kutoka katikati ya kichwa hadi katikati ya mshikio, tuseme sentimita 40. Jaza mtungi maji, uupime kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma mpaka ufike kilo 10 pamoja na maji yake, kisha utundike hapo polepole. Kilo 10 kwa mita 0.4 ni kilo-mita 4, yaani nyuton-mita 39. Spana iliyowekwa chini kidogo ya hapo inapaswa kulia, iliyowekwa juu zaidi inapaswa kunyamaza. Uzito wa spana yenyewe huongeza nyuton-mita moja au mbili, kwa hiyo usitarajie usahihi wa maabara. Ukiona tofauti ya nyuton-mita 10, warudishie wenyewe.

Siku ya kufunga, subiri vumbi litulie au jikinge kwa turubai. Matatu ya njia ya 46 ikipita kwa kasi hutosha kutia mchanga kwenye beringi. Mgongo wa beringi uwe mkavu na safi, uso wake uwe na oili. Kwa mara ya kwanza, kabla ya oili, weka uzi wa Plastigage juu ya shingo ya kranki, funga kwa toki kamili bila kuzungusha kranki, fungua, na usome upana wa uzi uliosagika. Kwa makadirio, mlegeo ni milimita 0.025 kwa kila milimita 25 za kipenyo cha shingo, ila kitabu ndicho mwamuzi.

Kaza kwa hatua: nusu ya toki bolti moja, nusu ya pili, kisha robo tatu zote mbili, kisha kamili. Vuta spana kwa mwendo mmoja laini bila kukatiza. Zungusha kranki kwa mkono kila ukimaliza konrodi moja. Ikiwa nzito ghafla, kosa liko kwenye ile ya mwisho, na huhitaji kuzifungua zote kulitafuta. Vibati vya kukunja, pini na nati za kujifunga ziwe mpya. Gundi ya thredi isitumike pasipo maelekezo ya mtengenezaji, kwani hubadilisha msuguano na kuifanya namba ya toki isiwe na maana. Ukimaliza bolti moja, itie alama ya rangi palepale, kabla simu haijalia. Bolti iliyosahaulika huwa ni ile ambayo fundi aliitiwa chai akiwa katikati.

Ukiweza kufikia ncha zote mbili za bolti kwa maikromita, kuna njia bora kuliko toki: pima urefu kabla ya kukaza, kaza, pima tena. Mtengenezaji wa bolti husema inyooke kiasi gani. Hapo msuguano hauna usemi.

Kabla ya kuwasha, toa plagi na uzungushe kwa staata mpaka taa ya oili izime. Kilomita elfu ya kwanza usiipigishe injini kelele. Ukisikia mlio wa kugonga, wa chini na mzito, unaofuata mwendo wa injini, zima papo hapo, hata kama uko katikati ya Ngong Road na madereva wanakupigia honi. Dakika tano za kufika nyumbani ndizo zinazogeuza kazi ya beringi kuwa kazi ya bloku.

Na bolti ikikatika, usiitupe kwenye lundo la chuma. Itazame mahali ilipokatikia. Sehemu laini, yenye mistari ya kupindapinda inayotambaa kutoka ukingo mmoja, inaonyesha uchovu: ilikuwa imelegea na ilikatika polepole kwa muda mrefu. Kiuno kilichokonda kabla ya kukatika kinaonyesha ilivutwa kupita kiasi, ama na spana ama na injini iliyopitishwa kiwango. Mchongaji, muuzaji na fundi watakuwa na maoni tofauti juu ya nani alaumiwe, na kipande hicho cha sentimita mbili ndicho shahidi pekee. Kifunge kwenye plastiki yenye oili kidogo ili kisishike kutu.

Mwenye gari naye ana haki zake. Kabla ya kuacha injini, muulize fundi kama ana cheti cha majaribio ya ufundi cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Kutokuwa nacho si dhambi, wapo wasionacho wanaojua kuliko wenye nacho, lakini swali linafungua mazungumzo. Muulize toki ya konrodi ya injini yako ni ngapi, na ameisoma wapi. Injini ikifungwa, omba karatasi: namba ya injini, bolti zilikonunuliwa, toki iliyotumika na kama thredi zilikuwa na oili, kipimo cha beringi kama kranki ilichongwa kwa 0.25 au 0.50, na tarehe. Ibandike ndani ya kava ya kitabu cha gari, pamoja na ile risiti ya Kirinyaga.